Baina ya Kutuma na Kutumia

Jua linapokaribia kutua katika mwezi wa Ramadhani, vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja hujaa watoto waliobeba vyombo. Huyu ana bakuli la uji wa pilipili manga, yule ana sahani ya muhogo wa nazi, mwengine mkate wa kumimina ungali moto, na juu ya kila chombo pamefunikwa kawa la ukili lenye rangi. Lamu na Mombasa mambo ni hayo hayo, majina ya vyakula tu ndiyo yanayobadilika. Kila mtoto ametoka mlangoni kwao na maneno machache: "Mpelekee bibi yako wa nyumba ya pili. Mwambie mama anakusalimu sana." Bibi huyo si lazima awe wa nasaba. Ni bibi kwa sababu ni mtu mzima na ni jirani, na hilo nalo mtoto amefunzwa bila ya kuambiwa kuwa anafunzwa.

Kitendo chenyewe hakichukui dakika kumi, lakini atakayekaa akayahesabu yaliyomo ndani yake atastaajabu. Mtoto hana budi kutazama anapokanyaga, maana njia ina mawe na uji haumngojei mtu. Hana budi kuuzuia mkono wake usifunue kawa, ilhali harufu inampanda puani na yeye ameshinda na njaa, kwa kuwa mwaka huu ndio kwanza anajaribu kufunga. Akifika hupiga hodi, akasubiri, akapiga tena, wala hachungulii. Akifunguliwa huamkia, hutoa chombo kwa mkono wa kulia, kisha huyasema maneno aliyopewa kama alivyopewa, bila ya kuyapunguza na bila ya kuyatia chumvi. Halafu husubiri chombo cha watu, nacho kwa ada ya mwambao hakirudi kitupu: hurudi na tende, au embe, au sambusa mbili, na ikiwa nyumba ile haina kitu hurudi na dua. Hakuna mzazi aliyekaa kitako akapanga masomo hayo kwa mfuatano wake. Yalikuwa ndani ya sahani.

Kwa hivyo linapoulizwa swali la namna ya kuwatia watoto wadogo maadili mema na maarifa ya kuishi, jawabu la nyumba nyingi za visiwani lilikuwa fupi: mtoto alitumwa. Aliyetumwa alikuwa anakua, na aliyekuwa hatumwi alionewa huruma, kama kwamba wazazi wake wamemkatia tamaa. Jawabu hilo halijakosea. Ila ndani yake mna swali jengine, zito zaidi, ambalo wazazi wengi hawajiulizi mpaka mtoto amekwisha kukua: ni wakati gani mzazi anamtuma mwanawe, na ni wakati gani anamtumia?

Lugha ya Kiswahili inalo la kusema juu ya jambo hili kwa atakayeitegea sikio. Kitenzi tuma kimezaa jamaa kubwa. Mtume ametoka humo, kwa muundo ule ule uliomtoa mteule katika kitenzi teua. Maana yake ni aliyetumwa. Mtumwa naye ametoka humo, katika kauli ya kutendwa. Naye maana yake ni aliyetumwa. Utumishi, matumizi, kutumikia, na hata zile Tume zinazoundwa kila penye jambo zito na ambazo ripoti zake husubiriwa sana, zote ni za mlango mmoja. Neno la daraja ya juu kabisa katika dini na neno la daraja ya chini kabisa katika historia ya mwambao yamechipuka kwenye shina moja. Tofauti yao haimo katika mwendo, kwani wote wawili huenda wanakoambiwa waende. Imo katika amana. Mmoja amekabidhiwa jambo, amelifahamu, na ataulizwa juu yake kwa kuwa neno lake lina uzito. Mwengine inahitajika miguu yake na mikono yake tu, na lolote atakalolifikiri njiani ni lake peke yake. Kisha ongeza irabu moja katika kutuma, upate kutumia. Anayetumwa ni mtu. Kinachotumiwa ni chombo.

Mtoto mdogo, kwa kuwa hana nguvu ya kukataa, husimama kila siku baina ya maneno hayo mawili. Anayeamua atakuwa lipi ni yule anayemwita.

Tazama safari ya dukani. Mama humwita mtoto wa miaka saba, akampa fedha, akazifunga katika pembe ya kanga au kuzitia katika kiganja na kukifumba, kisha akamwagiza: chumvi pakiti moja, kibiriti, na mafuta ya kupikia ya kiasi fulani. "Nambie nilivyokwambia." Mtoto hukariri. Akikosea huanza tena. Mwenye kupenda mashairi hatakosa kuona kwamba huku ndiko kumbukumbu ya watu wa pwani ilikonolewa kabla ya mtoto kuujua utenzi wowote: katika kukariri chumvi na kibiriti mbele ya mama aliyeshika mwiko. Kisha wazee wengine hutema mate chini na kusema, "Urudi kabla hayajakauka," na mtoto hukimbia akiamini kwa moyo wote kwamba jua na miguu yake vinashindana. Dukani hujifunza kungoja zamu nyuma ya watu wazima wasiomwona. Hujifunza kusema tena alilolisema, kwa sauti kubwa zaidi, bila ya utovu wa adabu. Hujifunza kuhesabu chenji huku mwenye duka anamtazama, na hesabu hiyo haifanani na ile ya ubaoni, kwa sababu ikikosewa kuna mtu atakayekosa kitoweo.

Wapo wanaoamini kwamba adabu hufunzwa kwa maneno, na hoja yao ina nguvu hasa kwa watu wa mwambao, ambao wameyatia maneno ya malezi katika tungo bora walizonazo. Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa wasia mwaka 1858, akiwa mgonjwa na akijua kwamba huenda hatamwona akizeeka. Shaaban Robert naye, katika karne iliyofuata, aliwaandikia wanawe tenzi mbili, wa Hati kwa binti na wa Adili kwa mwana wa kiume. Tungo hizo zimehifadhiwa kwa moyo na watu ambao hawakuzaliwa na watunzi wake, na hiyo ni heshima kubwa. Lakini yafaa kuangalia Mwana Kupona alimsemesha nani. Mwana Hashima alikuwa msichana aliyekwisha kupita utoto. Miaka yote iliyotangulia wasia ule alikuwa katika nyumba ya mama yake, akiona namna wageni wanavyopokewa na namna vyombo vinavyotoka na kurudi. Utendi ulimkuta mikono yake imekwisha kuzoea. Maneno yaliyafunga mambo ambayo tayari yalikuwa yanafanyika, kama uzi unavyofunga ukili uliokwisha kusukwa. Mzazi anayeanza na maneno, akatarajia mikono ifuate, huwa anasuka kwa kuanzia mwisho.

Na katika utendi huo huo mna mstari wa mawazo ambao msomaji wa leo hawezi kuupita macho yake yakiwa yamefumba. Mwana Kupona anamshauri binti yake asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Alisema kama mtu wa zama zake na wa tabaka lake, na hakuna faida ya kumhukumu aliyekwisha kufika mbele ya Hakimu mwengine. Ila ushauri ule unaonesha jambo ambalo masimulizi matamu ya malezi ya zamani hulificha. Katika majumba ya mawe yenye milango ya nakshi, mara nyingi aliyetumwa hakuwa mtoto wa nyumba. Alikuwa mtoto wa mtumwa. Yeye ndiye aliyejua bei ya samaki, njia ya kisimani na mlango wa kila jirani. Mtoto wa bwana alijua kuita tu. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika mwambao wa Kenya mwaka 1907. Sheria ilifuta hadhi. Haikuweza kufuta tabia ya kuita kwa siku moja. Hata baada ya hapo watoto wa jamaa maskini waliendelea kuletwa mjini kutoka mashamba kwa jina la kulelewa, wakaamka kabla ya wenzao na kulala baada yao, wakatumwa dukani na watoto wa umri wao wenyewe. Nyumba ya namna hiyo ina watoto wawili wanaodhulumiwa. Mmoja ananyimwa utoto, na dhuluma yake inaonekana. Mwengine ananyimwa kutumwa, akakua na mikono isiyojua kufanya lolote na moyo usiojua kwamba chakula kimepita katika mikono ya mtu.

Wanafalsafa wa kale wa Kiyunani nao walilikaribia jambo hili bila ya kulisimamia. Katika karne ya nne kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, Plato aliandika mazungumzo yanayoitwa Meno, na yanaanza kwa swali lile lile la akina mama wa mwambao: je, wema hufundishika, au hupatikana kwa mazoea, au mtu huzaliwa nao? Katikati ya mazungumzo Socrates anamtaka Meno amwite mmoja katika watumwa wake, kijana ambaye hakusoma. Kijana anaitwa, anaulizwa maswali ya umbo la mraba lililochorwa chini, na kwa kujibu hatua baada ya hatua anaifikia hesabu ambayo hakufundishwa na mtu. Mabwana wanastaajabu. Kisha kijana anaachwa, na wao wanaendelea kubishana juu ya wema. Hatajwi jina. Hakuna aliyemuuliza yeye anauonaje wema, ingawa yeye pekee katika kikao kile ndiye aliyeishi kwa kutumwa tangu asubuhi hadi usiku. Akili yake ilitumiwa kuthibitisha hoja, na baada ya hapo haikuhitajika tena.

Sasa ichukuliwe kwamba mzazi amemtuma mwanawe mwenyewe, kwa nia njema, na mtoto amerudi na chenji pungufu. Fedha kidogo haipo. Kuna harufu ya ubuyu mdomoni na wekundu wake umebaki ulimini. Hapo ndipo falsafa yote ya malezi inapokutana na mama mmoja aliyechoka, jikoni, na mafuta yameanza kuungua. Afanye nini?

Njia ya kwanza inajulikana, na sauti yake husikika hadi kwa jirani. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, aliieleza athari ya njia hiyo katika Muqaddima yake: mwanafunzi anayelelewa kwa ukali na kutezwa nguvu hupoteza uchangamfu wa nafsi, akaingia katika uwongo na hila ili mkono usimfikie, na mwisho hila zikawa ndiyo tabia yake. Mwanachuoni huyo hakuwa mtu wa kudekeza. Alikuwa mchunguzi wa namna dola zinavyoinuka na kuanguka, na alimhesabu mtoto aliyevunjwa moyo kuwa sehemu ya maangamizi hayo. Imam Ghazali, aliyemtangulia kwa karibu karne tatu, alishauri katika Ihyaa kwamba mtoto akikosea kwa mara moja, hasa ikiwa mwenyewe anajitahidi kulificha kosa lake, mzazi ajifanye kama hakuona na asimpasulie sitara. Akirudia, na aambiwe faraghani. Akatahadharisha pia na kulaumu kila saa, kwa sababu mtoto huzoea lawama kama azoeavyo kelele za mvua juu ya bati, ikawa haimuingii tena.

Ushauri wa kujifanya hukuona huwatia wasiwasi watu wanyoofu. Je, mzazi akinyamaza hamfundishi mtoto kwamba wizi mdogo unapita? Jawabu limo katika kule kuficha kwenyewe. Mtoto anayeficha wekundu wa ubuyu amekwisha kujua kuwa amekosa. Haya yake imetangulia kabla ya mkono wa mama. Haya hiyo ndiyo mtaji wote alionao, nayo ikitolewa hadharani mbele ya ndugu zake itakuwa imetumika yote kwa siku moja. Mama anayezihesabu fedha taratibu mbele yake, akamtazama, akasema tu, "Haya, mwanangu," na kesho akamtuma tena kwa fedha zile zile, amempa mzigo mzito kuliko kofi. Amempa kesho. Si kila mtoto ataubeba, na mama aliyewahi kulea watoto wanne anajua kwamba kwa mmoja wao njia hiyo haikufaa kitu. Lakini kofi nalo lina watoto wake wasiofaa, na idadi yao haitangazwi.

Kuna wazazi waliokwenda mbele zaidi, wakawa wanaacha fedha mezani makusudi ili wamwone mtoto atafanya nini. Hili huitwa kumjaribu, na husimuliwa kwa fahari. Mtego huo hauna tofauti na uwongo. Anayetumwa kwa amana ameaminiwa kabla ya kujulikana, na humo ndimo inamotoka nguvu ya kumfanya awe mwaminifu. Anayetegwa amedhaniwa kabla ya kutenda, na akiugundua mtego, maana watoto huugundua, atajifunza kwamba katika nyumba ile kila kilichoachwa wazi kina jicho nyuma yake. Atakuwa mwangalifu. Kuwa mwangalifu na kuwa mwaminifu huonekana sawasawa kwa miaka mingi, mpaka siku ambayo hapana jicho.

Hayo yote lakini ni makosa ya mtoto. Yapo makosa ya mtumaji, nayo ndiyo yanayogeuza kutuma kuwa kutumia. Hakuna kisa kinachochekesha mabaraza kama kile cha mdai aliyepiga hodi. Baba anamnong'oneza mwanawe, "Mwambie sipo." Mtoto anafungua mlango na kusema kwa adabu, "Baba amesema nikwambie hayupo." Watu hucheka, na kicheko kina haki yake. Ila kisa hicho kikitazamwa upande wa mtoto hakichekeshi. Yeye amefanya lile lile alilofunzwa tangu siku ya sahani ya kwanza: ameyafikisha maneno kama alivyopewa, bila ya kuyapunguza. Amekuwa mjumbe mwema. Na kwa wema huo mlango ukifungwa anapigwa.

Kwa kipigo hicho anajifunza nini? Anajifunza kwamba ukweli una nyumba mbili, ukweli wa kusema kwa mama juu ya chenji na ukweli wa kutosema kwa mgeni mlangoni, na kwamba anayeamua ni yupi wa leo ni mwenye nguvu. Mara ya pili hatakosea. Atasema "Hayupo" huku akimtazama mdai usoni, na baba nyuma ya pazia atashusha pumzi, asijue kwamba amemlipa mdai kwa mwanawe. Deni ni aibu, na hakuna haja ya kumdhihaki aliyenalo. Mwaka mbaya wa karafuu au msimu usio na samaki umewaficha wanaume wa heshima nyuma ya mapazia yao wenyewe. Lakini mtu huyo angeweza kutoka. Angeweza kusimama kizingitini, mwanawe akiwa pembeni, na kusema, "Ndugu yangu, leo sina. Nipe mpaka mwisho wa mwezi." Angeona haya, na mtoto angeiona ile haya, na angeona pia kwamba baba yake hakufa kwayo. Maneno hayo mawili, "Leo sina," yakisemwa na baba mbele ya mwanawe, ni maarifa ya maisha ambayo hayamo katika skuli yoyote, na watu wengi wamefilisika kwa kutojua kuyatamka.

Kuna ujumbe mbaya zaidi ya huo. Nyumba inapovunjika kwa talaka, na mama akarudi kwao, mtoto hubaki ndiye njia pekee iliyo wazi baina ya milango miwili. "Mwambie baba yako viatu vimechanika, kama anajua kwamba ana watoto." "Mwambie mama yako hana shukurani." Mtoto wa miaka minane hubeba maneno hayo mtaa kwa mtaa, bila ya kawa la kuyafunika. Aliyefunzwa kufikisha ujumbe kama ulivyo hugundua njiani kwamba akiufikisha ulivyo atamliza mmoja kati ya watu wawili anaowapenda. Basi huanza kuuhariri. Hupunguza neno hapa, huongeza salamu pale ambapo salamu haikuwapo. Watu humsifu mtoto wa namna hiyo kwa busara yake iliyotangulia umri. Busara hiyo ameinunua kwa bei ambayo hakuna mtoto anayepaswa kutozwa, na wazazi wawili wazima wenye miguu na simu wamemtuma kazi ambayo wao wenyewe wameogopa kuifanya.

Pengine hapo ndipo penye kipimo, ikiwa kipimo chatakiwa. Jambo ambalo mzazi anamwagiza mtoto kwa sababu mtoto anahitaji kulijua ni tofauti na jambo analomwagiza kwa sababu yeye mwenyewe hataki kulionea haya. La kwanza linaweza kuwa zito na gumu, hata la kuchosha. La pili linaweza kuwa jepesi kama neno moja mlangoni.

Ugawaji wa kazi baina ya wavulana na wasichana nao hauna utetezi mkubwa mbele ya kipimo hicho. Kwa desturi mvulana alitumwa mbali, akajua fedha na njia; msichana alitumwa karibu, akajua moto na mtoto mchanga, na alipokaribia kuvunja ungo hata dukani hakwenda tena. Kila mmoja alipewa nusu. Ndiyo maana wapo wanaume wazee waliofiwa na wake zao ambao hawajui kujipikia chai, na wapo wajane waliodhulumiwa mirathi kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwafumbatisha fedha na kuwaambia wazihesabu.

Leo watoto wengi wa mjini hawatumwi kabisa, na sababu si uvivu wa wazazi. Njia zimejaa magari na pikipiki. Habari za udhalilishaji wa watoto zimewaingia wazazi mifupani, na hawakosei kuogopa. Baraza la Wawakilishi la Zanzibar lilipitisha Sheria ya Watoto mwaka 2011 kwa kuwa hatari hizo hazikuwa za kubuni. Mama anapiga simu, analipa kwa simu, na kijana wa dukani analeta vitu mlangoni. Salamu kwa bibi wa nyumba ya pili zinakwenda kwa simu vilevile, pamoja na picha ya maua. Mtoto yuko salama ndani, na kioo kidogo mkononi, naye ana miaka kumi na hajawahi kumpigia hodi mtu.

Wanaolalamika juu ya hali hiyo huwalaumu watoto, au simu, na husahau kilichoifanya safari ya zamani iwezekane. Mtoto mwenye sahani hakuwa peke yake kichochoroni. Kwenye baraza ya kwanza walikaa wazee wa bao, kwenye ya pili mshona kofia, kwenye dirisha la juu bibi mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kujua kila kitu. Mkono mmoja haulei mwana, na macho mawili hayamlindi. Mzazi alimwamini mtoto kwa sababu alikuwa amekwisha kuwaamini wale wa njiani, na imani hiyo ya watu wazima baina yao ndiyo iliyokatika kwanza. Mtoto alifungiwa ndani baada ya hapo. Kumwambia mama wa leo, "Mtume mwanao kama ulivyotumwa wewe," bila ya kumrudishia baraza ile, ni kumtaka aweke rehani kisicho na badala.

Hata hivyo amana haipimwi kwa masafa. Mtoto wa miaka minne anaweza kumpelekea babu yake gilasi ya maji kutoka jikoni hadi kibarazani, na hatua kumi na tano zina maji ya kumwagika ya kutosha. Wa miaka sita anaweza kukabidhiwa ufunguo wa kabati. Wa miaka minane akifuatana na baba yake sokoni Darajani anaweza kushika yeye mkoba wa fedha, akamlipa muuza samaki kwa mkono wake huku baba amesimama nyuma na kunyamaza, na kunyamaza huko kwa baba wengi ndiyo sehemu ngumu ya somo. Na mama akimpikia jirani anaweza kwenda pamoja na mwanawe, akasita hatua tatu kabla ya mlango, akamwacha mtoto apige hodi.

Kisha kuna siku ambayo kila nyumba huifikia bila ya kuipanga. Mtoto mkubwa, mwenye miaka tisa au kumi, anakaa mkekani na anataka maji. Mdogo wake wa miaka mitano yuko karibu. Kwa mara ya kwanza aliyekuwa akitumwa anageuka kuwa mtumaji. Mama yuko jikoni, hawaoni, anasikia sauti tu. Anasikia mwanawe mkubwa akiita jina la mdogo wake, na anasikia namna anavyoliita: kama ni kwa ukali wa mtu anayeita kitu au kwa utulivu wa mtu anayeita mtu, kama anaongeza "tafadhali, mdogo wangu" au haongezi, kama maji yakimwagika njiani atacheka, atatukana, au atainuka kufuta. Mama anaacha kukuna nazi ili asikie vizuri. Sauti ni ya mtoto, lakini maneno na mapigo yake anayafahamu, kwa kuwa ni ya kwake.